Wachina wa Uingereza na huduma za ulemavu

Dada, kwa ajili ya mahojiano ya utafiti wako umeuliza kama Wachina wa Uingereza hawaombi huduma za ulemavu kwa sababu "wanatunzana wenyewe". Dhana hiyo inawaumiza sana. Wengi waliotoka Hong Kong miaka ya 1950 na 1960 waliishia kwenye migahawa na maduka ya chakula cha kubeba, yaliyotawanyika miji mbalimbali ili wasigombanie wateja. Ukitafuta wahojiwa Chinatown (mtaa wa Wachina) ya London peke yake, utamkosa mke anayemuuguza mumewe aliyepooza kwenye mji mdogo, huku akikaanga chakula hadi usiku. England, sheria ya matunzo ya mwaka 2014 inampa haki ya kutathminiwa mahitaji yake mwenyewe kama mlezi, lakini nani amemwambia?

Halafu mkalimani. Wazee hao wengi wanasema Kikantoni au Kihakka, kwa hiyo mkalimani wa Kimandarini, yaani Kichina rasmi cha China bara, hatakusaidia. Na tafadhali usimtumie mtoto wao kutafsiri: hakuna mama atakayekiri mbele ya mwanawe kwamba amezidiwa. Waliohamia tangu 2021 kwa viza maalumu ya Uingereza kwa watu wa Hong Kong, uwahoji kama kundi la peke yao. Historia yao ni nyingine kabisa.