Mwalimu unayetaka kwenda chuo, anza na halmashauri

Kila ifikapo Agosti napokea ujumbe wa aina moja. Mwalimu mwenzangu wa hapa mkoani Kigoma, awe wa Kasulu, Kibondo au vijiji vya mwambao wa ziwa, kachaguliwa chuo kikuu, furaha imemjaa, na anauliza ruhusa ya masomo huchukua wiki ngapi. Inaniuma kumjibu, kwa sababu ukweli ni kwamba swali hilo lilitakiwa kuulizwa kabla ya Krismasi iliyopita.

Nieleze kwa nini. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Vyuo vikuu vingi hufungua Oktoba au Novemba. Ukitazama juu juu utaona kuna nafasi ya kutosha katikati. Lakini bajeti inayoanza Julai huandaliwa miezi mingi nyuma, na mpango wa mafunzo wa halmashauri, ule unaotaja watumishi watakaokwenda masomoni mwaka huo, huandaliwa humo humo. Jina lako lisipokuwemo, Afisa Utumishi hana pa kukuweka hata kama anakupenda. Na usiseme "mimi najilipia ada mwenyewe, siwagusi". Mshahara wako unaendelea kutoka na vipindi vyako vinabaki bila mtu. Kwenye shule zetu huku, ambako walimu wachache wanabeba darasa la kwanza hadi la saba, kuondoka kwa mmoja ni jambo la kupangiwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Uvinza. Nilianza na cheti, nikapanda stashahada, kisha shahada, na vyote nimevisomea nikiwa kazini. Ninayoyaandika hapa nimeyapitia mwenyewe au nimekaa na mwenzangu mezani tukiyapanga.

Barua ya kuomba ruhusa isiwe ndefu. Inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, ikipitia kwa Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata na Afisa Elimu wa wilaya, na kila mmoja anaweka maoni yake. Taja cheki namba yako, yaani namba yako ya utumishi kwenye orodha ya mishahara, tarehe ya kuajiriwa na ya kuthibitishwa kazini, programu unayotaka, chuo, muda wake, na kama unajigharamia au unaomba kugharamiwa. Kama hujathibitishwa, subiri kwanza uthibitishwe. Jambo ambalo wengi hawaliandiki, na mimi naliona lina uzito kuliko yote, ni nani atashika vipindi vyako. Zungumza na wenzako na Mwalimu Mkuu mapema, kisha liingie kwenye barua kama makubaliano. Afisa akiona shule imeshajipanga, hana sababu kubwa ya kukuzuia.

Halafu ifikishe mwenyewe masijala, ofisi ya halmashauri inayopokea na kutunza barua na majalada. Beba nakala mbili. Moja inabaki, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na umwombe karani kwa heshima akutajie namba ya folio barua yako ilipokaa ndani ya jalada. Iandike kwa kalamu juu ya nakala yako. Utakapokwenda kufuatilia, ukimwambia "Shikamoo mama, barua yangu iko folio ya arobaini na mbili", jalada linafunguliwa na barua inaonekana. Ukisema "niliituma kwa mwalimu mkuu mwezi uliopita", utaambiwa uje kesho. Wenzangu wa Buhingu na Kalya, ambao kufika mjini ni kupanda boti, wanajua hiyo kesho inagharimu nini.

Usiondoke kituoni kabla barua ya ruhusa haijatoka. Nalisema kwa msisitizo. Kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtumishi wa umma kazi, na barua ya udahili wa chuo haikukingi. Nimemwona mwalimu hodari akijieleza mbele ya kamati kwa sababu alidhani "wamekubali kwa mdomo" inatosha.

Walimu wa shule binafsi, hali yenu ni nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya ugonjwa, uzazi na nyinginezo, lakini haimlazimishi mwajiri kukupa likizo ya masomo. Kwa hiyo chochote mtakachokubaliana kiwekwe kwenye maandishi: siku ngapi, zina mshahara au hazina, na nafasi yako itakungoja au la. Baadhi ya wenzetu hupanga likizo yao ya mwaka iangukie kipindi cha mitihani. Ni njia nzuri kama mwajiri ameisaini mapema.

Kwa maoni yangu, mwenye watoto wadogo na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, njia ya kubaki kituoni na kusoma kwa masafa ndiyo inayombeba. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa hapa Kigoma na kingine Tabora, na mitihani unaifanyia huku huku. Hutahitaji miaka mitatu ya ruhusa, bali siku za mitihani na za kukutana na wahadhiri. Ila hata huku barua ya mwajiri inahitajika. Ukimaliza shahada na kuomba kubadilishiwa cheo, mara nyingi utaulizwa barua iliyoonyesha kwamba mwajiri alijua unasoma. Kukosa karatasi moja ya mwanzoni kumewafanya watu wakae na shahada kabatini huku mshahara uko pale pale.

Sasa yale uliyokwisha kusoma. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuna utambuzi wa maarifa ya awali unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Huo ni mlango wa kuingilia chuo kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi asiye na sifa za kawaida kama kidato cha sita au stashahada. Anaandaa jalada la ushahidi wa kazi zake, anafanya mtihani, akifaulu anaruhusiwa kuomba udahili. Kuna fundi na mhudumu wa maendeleo ya jamii ninaowajua ambao mlango huu umewafaa sana. Lakini haupunguzi kozi hata moja. Unakuingiza, kisha unasoma kama wengine.

Jambo la pili ni kuhamisha krediti, yaani kozi ulizofaulu chuo kingine zihesabiwe ili usizirudie. Krediti moja kwetu ni kama saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu inataka krediti 360, kwa kawaida 120 kila mwaka. Anayefaidika zaidi ni yule aliyesoma mwaka mmoja au miwili ya shahada mahali pengine akakatizwa na ugonjwa, ada au uzazi. Stashahada yako ya ualimu ichukulie kama tiketi ya kuingilia, usiijengee matumaini ya kukufutia mwaka mzima.

Chuo kitataka kuona zaidi ya matokeo. Kinataka maelezo ya kozi yenyewe: mada, saa, na vitabu vilivyotumika, ili mkuu wa idara aweke kozi ya kule na ya kwake ubavu kwa ubavu. Jina la kozi kufanana hakutoshi. Kwa hiyo unapoondoka chuo chochote, hata kwa kuahirisha, ondoka na muhtasari wa kila kozi wenye mhuri. Ukiwa Kigoma, kufuatilia muhtasari wa kozi uliyosomea Dar es Salaam miaka iliyopita ni kazi ya treni au basi na malazi, na pengine mhadhiri mwenyewe keshastaafu.

Ombi hilo lipeleke kabla ya kusajili kozi. Ukisajili kwanza, utakuta umelipia na unasoma kitu ambacho ungesamehewa, na kukifuta baadaye kuna tarehe zake.

Mkoa wetu una jambo jingine la peke yake. Wako ndugu zetu wengi waliosoma Burundi au Kongo wakarudi na vyeti vya Kifaransa. Vyeti vya sekondari vya nje vinalinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Vya chuo kikuu vinakwenda TCU. Vinahitaji tafsiri iliyothibitishwa, na vinachukua muda, kwa hiyo visisubiri dirisha la udahili lifunguliwe. Mwenye stashahada iliyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, naye aombe mapema namba ya uhakiki, ile tunayoiita AVN, kwa maana fomu ya udahili itaidai.

Na majina! Cheti cha kidato cha nne kinasema majina mawili, kitambulisho cha taifa matatu, barua ya ajira ina herufi moja tofauti. Weka nyaraka zote juu ya meza, zisome herufi kwa herufi, na kama hazilingani nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina au ufanye hati ya kubadili jina sasa hivi.

Usajili wa kozi wenyewe wala si mgumu, ila hausamehi uvivu. Kulipa ada si kujisajili. Unaweza kuwa umelipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, risiti unayo, na jina lako lisiwepo kwenye orodha ya mtihani kwa sababu hukuingia kwenye mfumo kuchagua kozi. Mwalimu mmoja nimjuaye alisafiri kutoka kijijini na begi lake la nguo, akafika chumba cha mtihani na jina halimo. Hakukuwa na wa kumsaidia asubuhi ile. Ukimaliza kusajili, rudi ukurasa wa kozi zako, hakikisha zimo, chapisha au piga picha ya skrini yenye tarehe. Fanya hivyo wiki ya kwanza dirisha linapofunguliwa. Siku ya mwisho kila mtu yupo kwenye mfumo, na mtandao wa kwetu unajulikana.

Chagua kozi za lazima kwanza, hasa zile ambazo bila kuzifaulu huruhusiwi kuchukua nyingine mbele. Kisha hesabu muda wako. Mwalimu mwenye vipindi vya kutwa, madaftari ya kusahihisha na familia, asichukue mzigo wa mtu anayekaa bwenini. Kama chuo kinakuruhusu kupunguza kozi kwa mwaka, punguza. Ninaowafahamu waliokwenda taratibu wamehitimu, na kadhaa waliotaka kumaliza haraka wamebaki na mitihani ya kurudia.

Likitokea la kutokea, ugonjwa au msiba mzito, omba kuahirisha masomo kwa barua yenye ushahidi kabla ya mitihani kuanza, na usubiri jibu la maandishi. Ukinyamaza unaandikwa mtoro, na kurejea ni kuomba upya. Kama uko kwenye ruhusa ya mwajiri, nakala ya jibu hilo ipeleke halmashauri siku hiyo hiyo, kwa kuwa umri wa ruhusa yako unaendelea kuhesabika ingawa masomo yamesimama. Ruhusa ya miaka mitatu haijirefushi yenyewe. Ukiona utazidisha, omba nyongeza wakati bado una miezi kadhaa mkononi.

Ukimaliza, ripoti kazini kwa barua ndani ya muda uliopewa. Matokeo ya mwisho yakishathibitishwa, usingoje mahafali. Omba chuo barua ya kumaliza, ambatanisha na nakala ya matokeo na ile barua ya ruhusa, upeleke masijala pamoja na ombi la kubadilishiwa cheo. Mabadiliko ya cheo nayo yana bajeti yake, na atakayekuwa ndani ya ikama ya Julai, yaani hesabu ya watumishi na vyeo vilivyotengewa fedha, ni yule ambaye jalada lake lilikamilika kabla.