Maswali na majibu: Profesa aliyenisimamia uzamili anafaa kuwa mlezi wangu wa utafiti?

SWALI: Nilimaliza uzamili wa uchumi wa kilimo na sasa nafundisha kwa mkataba katika chuo kimoja hapa Nairobi. Nataka kuomba tena ufadhili wa utafiti wa mwaka mmoja, ule unaompa mtafiti chipukizi mlezi wa kumwongoza. Mwaka jana nilikataliwa. Jopo lilisema utafiti wangu “hautekelezeki” na mpango wa ulezi ni “dhaifu”. Mada ilikuwa “Athari za mbegu bora za viazi kwa kipato cha wakulima wadogo nchini Kenya”, na mlezi niliyemtaja ni profesa aliyenisimamia uzamili. Nibadilishe nini?

JIBU: Mwalimu, kasoro hizo mbili zina mzizi mmoja. Mlezi huchaguliwa kwa kufuata swali la utafiti, na swali likiwa pana kama lako, mlezi yeyote ataonekana ametajwa ili kujaza nafasi kwenye fomu. Kwa hiyo nitaanza na mada, ingawa uliuliza zaidi juu ya profesa.

Mkulima wa Ol Kalou anayenunua mbegu iliyoidhinishwa mara nyingi tayari ana shamba kubwa kidogo, ana fedha mkononi wakati wa kupanda, na lori linafika langoni kwake. Mlinganishe na jirani anayepanda viazi alivyobakiza msimu uliopita, na tofauti ya kipato utakayoiona itakuwa imechanganya mbegu, ardhi, barabara na mtaji. Hojaji ya mara moja haitazitenganisha, hata ukizifikia kaya 600. Mbinu za kupunguza tatizo hilo zipo, lakini zile zenye nguvu hutaka ama jaribio lililopangwa kabla mbegu hazijagawiwa, ama data za kaya zilezile kwa miaka kadhaa. Mwanajopo mwenye uzoefu huliona hilo akisoma kichwa tu, kisha anatazama miezi yako kumi na miwili na kuandika alichokuandikia.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kutumia data zilizokwisha kukusanywa. Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton, yenye ofisi hapa Nairobi, ilihoji kaya za wakulima 1997 na kuzirudia mara kadhaa miaka iliyofuata. Ukienda huko, utafiti wako ni wa kukaa na kompyuta, na mlezi unayemhitaji ni bingwa wa takwimu za aina hiyo.

Ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni kulipunguza swali mpaka liingie katika misimu miwili ya mvua. Kwa mfano: mkulima wa Kinangop huamuaje kwamba sasa aache kurudia mbegu yake ya Shangi, aina ya kiazi inayopendwa huko, na anunue mpya? Hapo pana kazi tamu. Kiazi hupandwa kwa kiazi chenyewe, kwa hiyo virusi na mnyauko wa bakteria husafiri ndani ya mbegu msimu hadi msimu, na mavuno yanashuka polepole kiasi kwamba mkulima anaweza kuilaumu mvua. Shangi nayo huchipua upesi baada ya kuvunwa. Sifa hiyo inamrahisishia mkulima kuirudisha shambani, na papo hapo inamnyima nafasi ya kuiweka ghalani akingoja bei. Swali kama hilo unaweza kulijibu kwa kaya chache zilizohojiwa kwa kina, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna.

Angalia kalenda, tafadhali. Kabla ya kumhoji mtu yeyote unahitaji kibali cha kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), kisha ujitambulishe kwenye ofisi za kaunti. Ufadhili ukianza Januari na wewe ukaanza kushughulikia karatasi Februari, mvua ya masika itakukuta bado Nairobi. Andika katika pendekezo kwamba maombi ya kibali yataingia kabla ya fedha kutoka. Ni sentensi moja tu, na wengi huisahau.

Sasa profesa wako. Mwombe barua ya mapendekezo, maana anakujua. Kwa nafasi ya mlezi simshauri. Anachokijua ameshakufundisha, na jopo linatafuta utakachokipata ambacho leo huna. Tazama programu zenyewe zilivyojengwa. AWARD, inayohudumia wanawake watafiti wa kilimo Afrika tangu 2008 kutoka hapa Nairobi, humuunganisha mtafiti na mlezi aliyemzidi uzoefu, na mtafiti huyo naye hutakiwa kumlea mwenzake wa chini yake. Katika ARPPIS, programu ya uzamivu ya icipe (kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani), iliyoanza 1983, mwanafunzi wa uzamivu husajiliwa chuo kikuu lakini utafiti anaufanya icipe, akiongozwa na mwanasayansi wa huko pamoja na msimamizi wa chuoni. Ufadhili wa Marekani uliopewa jina la mtaalamu wa kilimo Norman Borlaug ulibuniwa ili mtafiti akae na mlezi wake kwa wiki kadhaa, na baadaye mlezi amfuate kazini kwake. Kote huko mtafiti anatolewa kwenye boma lake.

Wewe ni mchumi. Usichokijua ni mbegu. Mtafute mtafiti wa viazi wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, kituo cha Tigoni, ambako ni mwendo mfupi tu wa matatu, au wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, ambacho kina ofisi ya kanda mjini humu. Nikupe mfano wa faida yake. Hojaji nyingi za wachumi ninazozisoma huuliza, “Uliuza magunia mangapi?” Kanuni za 2019 zinataka viazi vifungwe kwa mifuko isiyozidi kilo 50, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, haijaisha sokoni, na gunia la mkulima mmoja linaweza kuzidi la mwingine kwa makumi ya kilo. Mtu aliyezoea mashamba atakwambia papo hapo ubebe mizani, au uulize ukubwa wa mfuko kabla ya idadi. Usipofanya hivyo, kipato chote ulichokokotoa ni cha kubahatisha.

Mpango wa ulezi uandike kwa vitendo. “Mlezi atanishauri katika hatua zote” haisemi kitu. Jaribu hivi: “Machi: mlezi atapitia nami hojaji baada ya kuijaribu kwa kaya kumi Kinangop. Juni: nitakaa wiki mbili kwenye maabara yake nijifunze kutambua mbegu yenye mnyauko. Oktoba: atasoma rasimu ya kwanza ya makala na kuirudisha na maoni.” Barua ya mlezi ya kukubali kukuongoza nayo itaje mambo hayohayo kwa maneno yake mwenyewe. Barua mbili zenye aya zinazofanana neno kwa neno, moja ya mwombaji na moja ya mlezi, zimewahi kupita mezani kwangu, na kila mtu chumbani alijua ni nani aliyeziandika.

Bajeti sina mengi. Nauli, malipo ya wadadisi, mizani, vifurushi vya data. Kompyuta mpya iondoe kama tangazo halikuiruhusu.

Kuhusu kumwendea mlezi usiyemjua: mtumie ukurasa mmoja wenye swali lako, misimu utakayofanya kazi na mambo matatu unayotaka kujifunza kwake, bila kuambatisha pendekezo zima. Mpe angalau wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu katika taasisi hizi barua ya kuahidi muda wa mfanyakazi huenda ikahitaji sahihi ya mkuu wa idara, na mkuu wa idara huenda yuko safarini.