Hadithi za ajabu zisomewe nje: jibu kwa dada mwenye watoto wawili na likizo ndefu

Dada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Watoto wako, mmoja wa miaka mitano na mwingine minane, uwashughulisheje likizo nzima wakati mfuko umetoboka? Riwaya za watoto zenye majitu na wanyama wanaosema zinawafaa watoto wa Uganda ambao hawajawahi kuona theluji? Na je, hazitawaingiza kwenye uchawi? Naona hilo la mwisho wadau wamelijibu kwa ukali kidogo, nitalifikia.

Mimi ni mtu wa Bukoba, nimeoa Masaka na ndiko tunakoishi. Watoto wangu ni rika moja na wako. Msimamo wangu ni kwamba kitabu cha namna hiyo kisisomewe sebuleni. Tandika mkeka nje, soma sura moja, funga kitabu, waache wakimbie. Sura ikiishia pazuri, mchezo wanautunga wenyewe.

Saa ni muhimu kuliko unavyodhani. Kwenye vitabu vya Wazungu utakuta watoto wanacheza mtoni baada ya chakula cha jioni, na mwanangu aliuliza mbona wazazi wao hawawaiti ndani. Ikabidi nimweleze kwamba kule London mwezi wa sita jua linazama saa tatu na ushee usiku. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua letu halina hizo mbwembwe: ikikaribia saa moja linazama, na giza linaingia palepale. Ukitoa jua kali la mchana, muda wenu mzuri ni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu. Kwetu unatosha kusoma sura moja, kucheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka jasho liwatoke, kuchota maji ya kuoga na kurudi ndani kabla mbu hawajaanza kazi. Kuanzia Desemba hadi shule zifunguliwe mwanzoni mwa Februari mvua nazo zinapungua, kwa hiyo mkeka unakauka. Tahadhari moja tu: msiutandike chini ya mfenesi. Utomvu ukidondokea kwenye kurasa hautoki, na mikono mtasugua kwa mafuta ya kupikia.

Sisi tulianza na The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C. S. Lewis, cha mwaka 1950. Ndugu wanne wametolewa London kwa sababu ya mabomu ya vita, wamepelekwa shamba kwenye nyumba kubwa ya profesa. Siku mvua inawanyima kutoka nje wanaanza kuzunguka vyumbani, na mdogo wao anaingia kabatini na kutokea kwenye msitu wa theluji. Nasoma Kiingereza kwa macho, mdomo unatoa Kiswahili, na pale wanapokodoa macho naongeza Kiganda. Usiogope kufanya hivyo. Maelezo marefu ya makoti na samani nayaruka, hakuna polisi wa vitabu. Siku ya kabati hiyo binti yangu mdogo alikwenda la kwetu, akatoa gunia la maharage, akakaa ndani na mlango akaufunga. Alipotoka alisema kuna ukuta tu na harufu ya dawa ya wadudu, lakini labda linafanya kazi mvua ikinyesha.

Kuhusu theluji, usiwaonee huruma. Uganda ina theluji! Kilele cha Margherita kwenye Rwenzori kina mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika, na barafu iko pale juu ingawa inayeyuka mwaka hadi mwaka. Watu wa kale waliandika habari za Milima ya Mwezi inayolisha Mto Nile, na wengi wanaamini ndiyo hii. Wakonzo wanaoishi chini yake wana mungu wao, Kitasamba, anayekaa huko kwenye theluji. Wanangu waliposikia hivyo waliamua kwamba yule mchawi wa kike wa kitabuni yuko Kasese, mji ulio chini ya milima hiyo, na wakaanza kupanga nani atabeba blanketi.

Sasa hilo la uchawi. Senga wa mke wangu, yaani shangazi yake, alitutembelea siku tunasoma, akaketi pembeni kwenye jamvi lake akisikiliza. Nilipofika kwa mchawi anayegeuza watu kuwa mawe alinitazama kwa jicho ambalo mkwe yeyote wa Buganda analijua. Akaniuliza kama kanisani wanajua ninachowasomea watoto. Kubishana na senga haiwezekani, kwa hiyo nilimwomba kwa adabu atusimulie na yeye. Akaanza na Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, na mkewe Nambi aliyetoka mbinguni: walivyoonywa wasirudi nyuma, Nambi alivyokumbuka ulezi wa kuku wake na kurudi kuufuata, na kaka yake Walumbe, yaani Kifo mwenyewe, alivyoshuka naye duniani. Kisha kaka yao mwingine, Kayikuzi, akatumwa kumkamata Walumbe, watu wote wakaambiwa wajifungie ndani wakae kimya, watoto wakapiga kelele, Walumbe akatumbukia ardhini. Mashimo yake yapo hadi leo kule Tanda, njia ya Mityana. Senga aliigiza na sauti zote. Usiku ule watoto wangu walilala kitanda kimoja.

Asubuhi nikamuuliza, "Senga, na hiyo ya jana je?" Akajibu, "Hiyo ni yetu."

Mimi naona hajakosea sana. Hadithi yenye mchawi haimfundishi mtoto uganga, inampa sura ya kile anachokiogopa tayari, halafu inamwonyesha mtu mdogo kama yeye akikabiliana nacho. Ila kama kanisa lenu au mzee wa nyumba ana mashaka, msomee mbele yake kama nilivyofanya mimi. Kitabu kinachosomwa uani kwa sauti hakina siri.

Baada ya hapo tulihamia The Hobbit cha Tolkien, cha mwaka 1937, ambacho kwa watoto wa miaka mitano ni kirefu, nikwambie ukweli. Mdogo alikuwa anatoroka kwenda kwa kuku. Lakini sura ya tano ilimrudisha. Bilbo, shujaa wa kitabu, amepotea gizani chini ya mlima na kiumbe mmoja anayetaka kumla, na wanashindana kwa vitendawili. Ninyi mmelelewa na vitendawili, hebu fikiria! Nikageuza hapohapo: "Kitendawili!" Wakaitika, "Tega!" Bilbo anatega kasha lisilo na bawaba, ufunguo wala kifuniko, na ndani mna hazina ya dhahabu. Kabla sijamaliza, mdogo akapaza sauti: "Yai!" Kile cha kwetu cha nyumba isiyo na mlango alikipata zamani kwa bibi yake Bukoba. Yule kiumbe wa kitabuni mwenyewe alihangaika na swali hilo kwa muda. Tangu siku hiyo kila safari ya bodaboda ni vitendawili, dereva naye anatega vyake.

Bilbo anaishi kwenye shimo lenye mlango wa duara, kwa hiyo wanao watataka kufukua kichuguu. Kagua kwanza, nyoka wanavipenda.

Kwa matembezi, sisi tunaenda Nabugabo, ziwa dogo ambalo ukanda wa mchanga umelitenga na Ziwa Victoria. Unapita Nyendo, unashika barabara ya Bukakata, halafu unachepuka. Maji yake yana madini machache mno, konokono wa kichocho hawastawi, na mamba hawapo, ndiyo maana familia nyingi huogelea pale. Ziwa Victoria lenyewe ufukweni sitawaruhusu watoto wangu. Tunabeba gonja (ndizi za kuchoma), mayai ya kuchemsha na kabalagala (vitumbua vya ndizi), na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya maji na ngedere. Ngedere wa pale wanaiba kwa mpango. Wewe ukiwa upande wa Mukono una msitu wa Mabira na maporomoko ya mto Ssezibwa, na huko Waganda wanasimulia kwamba mto huo ulizaliwa na mwanamke. Usisome kitabu siku hiyo, tafuta mwenyeji awasimulie.

Wa miaka minane anzia kwa Lewis: sura ni 17 na ni fupi. Ukisoma moja kila jioni ambayo hakuna mgeni wala msiba, utamaliza kabla ya Krismasi kupoa. Wa miaka mitano mwache aingie na kutoka mkekani anavyotaka. Na usiwaulize maswali ya ufahamu mwishoni, shule itawauliza ya kutosha. Nakala za mtumba zinapatikana kwa wauza vitabu wa barabarani Kampala, lakini fungua uhesabu kurasa kabla ya kulipa, kuna zinazokosa mwisho.