"Hadi", "bado" na "ndiyo": Kiingereza kitakachokutatiza mapokezi

Mdogo wangu uliyeripoti kazini wiki hii hapa Dodoma, nakuandikia kabla simu ya kwanza ya mgeni haijakukuta peke yako mapokezi.

Mimi ilinikuta mwezi wangu wa pili kazini. Tulikuwa na wageni wawili kutoka Uingereza waliotaka kwenda Kondoa kuona michoro ya miambani kule Kolo, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mmoja akapiga simu jioni: "You haven't booked the car yet?" Nikajibu kwa heshima zote, "Yes." Nilimaanisha ndiyo, sijaagiza, nasubiri kibali kisainiwe. Yeye akasikia ndiyo, gari lipo. Akashukuru, akakata simu. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi walikuwa wamesimama nje ya nyumba ya wageni na mabegi yao, upepo wa Julai unawapiga, na gari hakuna. Waliondoka saa nne. Kabla ya kupanda gari, yule mama akaniuliza kwa upole kwa nini nilimdanganya. Lilinikaa moyoni neno hilo, maana sikudanganya. Nilijibu Kiswahili kwa neno la Kiingereza.

"Ndiyo" yetu humjibu muulizaji. Ukiniuliza "Hujala?" nami sijala, nasema "Ndiyo, sijala", yaani umesema kweli. "Yes" ya Kiingereza haimjali muulizaji, hufuata kitenzi kilicho nyuma yake. Kama jambo limefanyika ni "Yes, I have." Kama halijafanyika ni "No, I haven't," hata kama swali lenyewe lilikuja kwa kukanusha. Kwa hiyo usiishie kwenye "yes" au "no" tupu. Malizia sentensi: "No, I haven't booked it yet." Ukijizoesha hivyo, hata ukikosea neno la kwanza, lile la pili litakuokoa.

Baada ya siku ile nilianza kuandika kwenye daftari kila sentensi iliyonikwamisha, na nikaona jambo moja. Makosa yetu mengi hutokea pale neno moja la Kiswahili linapobeba kazi ambayo Kiingereza kimeigawa kwa maneno mawili. Na mara nyingi Kiswahili chetu kina neno la pili linaloonyesha njia, ila tunalisahau kwa kuwa la kwanza linatutosha.

Chukua "hadi". Nitakaa Kondoa hadi Jumatatu. Nataka taarifa hiyo hadi Jumatatu. Kwetu zote zinaeleweka. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "until Monday", kwa sababu kukaa kunaendelea siku zote hizo mpaka Jumatatu ifike. Ya pili ni "by Monday", kwa sababu kuleta taarifa ni mara moja tu, na Jumatatu ndiyo mwisho. Nimeona barua pepe imeandikwa "We will send the report until Friday", na aliyeipokea akabaki anajiuliza kama tutakuwa tunamtumia ripoti kila siku hadi Ijumaa. Jipime hivi: je, ukiweka "ifikapo", sentensi inasimama? "Nitaleta taarifa ifikapo Ijumaa" inasimama, basi ni "by". "Nitakaa Kondoa ifikapo Jumatatu" haisimami, basi ni "until". "Ifikapo" imejaa kwenye madokezo yetu ya serikali, utaizoea haraka.

Na kwa kuwa unaanza kazi, ipo barua utakayoipata kila mwaka wa fedha unapokaribia kwisha: "You are required to retire your imprest by 30 June." Kuna kijana aliisoma akaja kwangu uso umemshuka, akidhani anastaafishwa. Kwa lugha ya uhasibu wetu, "retire" hapo ni kurejesha masurufu, yaani kupeleka stakabadhi za fedha uliyopewa safarini na kurudisha iliyobaki. Na "by 30 June" maana yake tarehe 30 yenyewe bado imo, tarehe 1 Julai umechelewa.

Tangazo la mlangoni nalo lina mtego wake. "Closed until Monday": Jumatatu tupo au hatupo? Kwa kawaida maana yake Jumatatu mtafungua, lakini hata Waingereza wenyewe huuliza. Andika "We reopen on Monday", usimpe mtu kazi ya kukisia.

"Bado" ni fupi kulieleza. Jambo linaloendelea ni "still": bado nasoma, "I am still studying". Jambo ambalo halijatokea ni "not yet": bado sijasoma, "I have not studied yet". Tunachokosea ni kujibu "Not yet" tukiulizwa "Are you still sick?" Kichwani tunasema bado, na bado yetu hapo ina maana naumwa. Jibu ni "Yes, I still am."

Kuhusu wakati, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa Kiswahili kinanifurahisha. "On time" na "in time" huwachanganya hata waliosoma sana. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mfano ninao karibu. Treni ikiondoka dakika ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, "the train left on time", imeondoka kwa wakati. Wewe ukifika stesheni milango haijafungwa, "you arrived in time", umewahi. Kitenzi chetu cha kuwahi ndicho "in time" yenyewe. Panapokaa "kuwahi", weka "in time". Panapokaa "kwa wakati uliopangwa", weka "on time". Tangu nilipoligundua hilo sijarudi kwenye kitabu cha sarufi kulitafuta.

Kuazima kunatuponza vivyo hivyo. Tunasema nimeazima kalamu, na tunasema niazime kalamu, kitenzi ni kilekile, kalamu inakwenda pande mbili. Kwa Kiingereza, kinachokuja kwangu ni "borrow", kinachotoka kwangu ni "lend". Kwa hiyo "Can I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?" Kukumbuka na kukumbusha tumejaliwa kuvitenganisha kwa "-sha", lakini bado tunasema "Remember me tomorrow about the meeting." Msikilizaji anasikia mtu anayeaga asirudi tena. Sema "Remind me."

"Usually" na "used to" zina sura tatu kwetu, zishike kwa Kiswahili kwanza. Huamka alfajiri: "I usually wake up early." Nilikuwa naamka alfajiri, siku hizi siamki: "I used to wake up early." Nimezoea kuamka alfajiri: "I am used to waking up early." Ona ile "waking" ya mwisho, ndiyo tunayoidondosha. Anayehamia huku kutoka Pwani atasema "I am getting used to the dust", yaani ndiyo kwanza analizoea vumbi.

"Watu wachache" ukilalamika ni "few people", ukiridhika ni "a few people", watu kadhaa. Na "pole" usiifanye "sorry" peke yake mbele ya mgeni aliyejikwaa, atakujibu si kosa lako. Muulize "Are you all right?" Aliyefiwa mwambie "I am so sorry for your loss." Pole na kazi haina Kiingereza chake, mwambie kwa Kiswahili umfundishe.

Nimeiacha saa mwisho kwa sababu ndiyo iliyoniuma zaidi. Kijana mmoja kutoka Singida alipigiwa simu kwa Kiingereza kwamba usaili ni "nine o'clock". Akasikia tisa. Alifika saa tisa alasiri, shati limepigwa pasi, vyeti ndani ya bahasha ya kaki. Usaili ulikuwa saa tatu asubuhi na jopo lilikuwa limekwisha kuondoka. Nilikuwa mapokezi, ni mimi niliyemwambia. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, kisha akaomba maji.

Tazama saa ya ukutani: mkabala na 9 ipo 3, mkabala na 8 ipo 2, mkabala na 12 ipo 6. Namba ya Kiingereza ikitajwa, ya Kiswahili ni ile iliyo mkabala nayo. Na ukimpigia mtu simu ya usaili, hata kama mazungumzo yote yalikuwa Kiingereza, saa itaje kwa Kiswahili, useme ni asubuhi au alasiri, kisha umwombe airudie kabla hujakata.