Seli ya kinga inawashwa ama inaamshwa?

Mwalimu mmoja wa bailojia huko Umoja ameniuliza, akifundisha ile protini inaitwa BTK aseme inawasha kingamwili ama inaziamsha? Mwenzake amemwambia ni kuwasha, juu hata wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mwalimu, sema inaamsha. Na hiyo methali muiache kwanza, kinga ya hapo ni kijinga cha moto, kile kipande cha kuni kinawaka upande mmoja, unakikutanisha na kingine ndo moto unashika. Kinga ya mwili ni kitu ingine kabisa.

Kuamsha naipendea vile kazi yenyewe inaenda, manake seli B, aina moja ya seli nyeupe za damu, ikiwa haina kazi ni kama imelala, halafu kijidudu kinagusa kipokezi chake pale nje, ujumbe unaingia ndani unapokezanwa protini kwa protini, na BTK ni mmoja wa hao wapokezanaji, ni kimeng'enya kinabandika fosfeti kwa protini inayofuata ndo nayo ianze kazi, mpaka ujumbe ufike kwa kiini na seli iamke, igawanyike, ianze safari ya kutoa kingamwili. Kuwasha nako mtu anasikia ngozi. Niliwahi kukaa foleni ya kliniki fulani hapa Nairobi mama mmoja akaambiwa kinga yako imewashwa sana, akajibu, daktari, mimi siwashwi popote, na kwa Kiswahili alichoambiwa alijibu vizuri kabisa. Jeni ndo unaweza sema inawashwa na kuzimwa kama taa, hapo sina ubishi.

Lakini kosa linaloniuma zaidi ni hiyo "kingamwili" umeweka kwa swali. Kinachoamshwa ni seli, kingamwili ni protini ambazo seli B zikishakomaa zinatoa kunasa vijidudu. Kinga ni ulinzi wote kwa jumla, ndo maana UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, sio upungufu wa kingamwili. Ukichanganya hapo hata ule ugonjwa wa BTK ikiharibika hutaueleza: mwaka wa 1952 daktari Mmarekani Ogden Bruton alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akirudiwa na maambukizi kila mara, damu yake haina kingamwili. 1993 jeni ya ugonjwa huo ikapatikana, ndo ile inayotengeneza BTK, B ni ya Bruton. Iko kwa kromosomu X na mvulana ana moja tu, ikiharibika hana ya akiba, seli B zake hazikomai. Sasa huyo mtoto usiseme hana kinga, seli T zake, zile seli nyeupe zingine za kinga, zipo. Sema hana kingamwili.

Na kwa zile saratani za seli B zinazotegemea BTK, kuna dawa ibrutinib iliidhinishwa Marekani 2013, hapo andika inazuia BTK. Najua ukishazoea kuamsha utataka kuandika inalaza seli, usiandike, juu zile za saratani zikikosa huo ujumbe nyingi hufa.