Seli Wauaji Asilia: Anza na Swali, Majina Yatafuata

Msomaji anayesomea sayansi ya maabara ameniandikia kwamba mada ya seli wauaji asilia, zile seli za kinga za mwili tunazozifupisha kuwa NK, imemshinda: amekariri vipokezi vyake vyote, yaani protini ambazo seli hizo hutumia kuzihisi seli nyingine, lakini karatasi ya mtihani ikifika mbele yake hubaki na majina matupu. Namjibu hadharani, dada yangu huyu, kwa kuwa najua wengi wenu mnaotaka kuifanya elimu ya kinga kuwa kazi yenu mmekwama papo hapo.

Mimi niliifikia mada hii kupitia swali lililochekwa. Tulikuwa tumefundishwa kwamba seli T, kundi jingine la seli za kinga, hukitambua kirusi pale tu seli iliyoambukizwa inapoonesha vipande vya protini zake juu ya molekuli za HLA za daraja la kwanza, zile alama za utambulisho zilizo juu ya seli zetu, nami nikauliza ni nani atakayejua iwapo kirusi kitaziondoa molekuli hizo. Mhadhiri alijibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani, darasa likaangua kicheko, akaendelea na somo. Leo mimi ndiye ninayefundisha, na sioni sababu ya kujifanya nimekisahau kicheko kile, maana swali lilikuwa sahihi na jibu lake lilikuwa limekwisha kuchapishwa.

Mwaka 1975, katika taasisi ya Karolinska huko Stockholm, Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell walieleza limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) za panya zilizoua seli za saratani bila kuandaliwa kwanza. Ronald Herberman na wenzake waliona jambo hilohilo Marekani. Kisha Klas Kärre akafikiri kwamba seli hizi hushtushwa na kukosekana kwa alama ya mwenyeji, kama balozi wa nyumba kumi anayeingiwa na shaka si kwa kumwona mgeni tu, bali pia kwa kutomwona jirani aliyemzoea. Mwaka 1986 yeye na wenzake walionesha kwamba panya walizikataa seli za limfoma (saratani ya limfosaiti) zilizopoteza molekuli za daraja la kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: uliza kwanza ni nini kinachoizuia NK isiue. Ukishajua kwamba vipokezi viitwavyo KIR huitazama HLA-C na kwamba kipokezi NKG2A huitazama HLA-E, zote mbili zikiwa aina za molekuli zile za HLA, na kwa kawaida kuziona huituliza NK, ilhali kipokezi NKG2D husoma dalili za seli iliyo taabani na kuichochea NK, utaona kwamba uamuzi hutokana na mizani ya ishara hizo. Perforini na granzimu, protini ambazo NK hutumia kuitoboa na kuiua seli, ni utekelezaji tu. Hapo hata hila ya VVU itaeleweka, kwani protini yake ya Nef huzipunguza HLA-A na HLA-B ili kuzikwepa seli T, lakini huiacha HLA-C ili NK zitulie. Narudia, anza na kizuizi. Atakayekuambia ukariri tu anakupotezea ujana.

Wala msiridhike na jina hilo la uuaji. Ni kweli kwamba binti wa Kimarekani aliyeelezwa katika ripoti ya kitabibu mwaka 1989, ambaye hakuwa na seli hizi, aliandamwa vikali na virusi vya jamii ya herpesi, tetekuwanga ikiwamo. Lakini NK zilizo nyingi katika ukuta wa mji wa mimba mwanzoni mwa ujauzito zina kazi nyingine kabisa: husaidia kuitanua mishipa ya damu inayolisha kondo la nyuma, na hazifanani na zile za kwenye damu, hata kama wapo wanaowapima wajawazito damu na kuwatisha kwa namba za NK. Mwaka 2015 Annettee Nakimuli na wenzake, waliowachunguza wanawake wa Kampala, walichapisha kwamba sehemu fulani ya jeni za KIR iliyopo kwa Waafrika lakini haipo kwa Wazungu huwakinga wajawazito na priklampsia, ugonjwa wa shinikizo la juu la damu la ujauzito. Nendeni mkausome utafiti huo, mkianzia kwenye swali lake.