Kufundisha "have" kwa wanaozungumza Kiurdu: ushauri kwa walimu wapya

Ukipewa darasa la Kiingereza la jioni hapa Birmingham, hasa upande wa Sparkbrook au Alum Rock, utakuta wanafunzi wengi wana asili ya Pakistani. Utaanza na salamu na majina, na ni sawa. Lakini neno litakalokula muda wako kuliko yote ni dogo: "have". Lishughulikie mapema. Bila hilo mtu hawezi kumweleza daktari ugonjwa wake, kutaja watoto wake anapoulizwa, wala kuaga kwamba inambidi aondoke.

Sisi wa Kiswahili tunaingia kwenye kazi hii na faida ambayo Mwingereza hana. Tunasema "nina kaka wawili", yaani niko nao, na Kiurdu nacho hakina kitenzi kama "have". Tofauti ni kwamba "nina" yetu inabeba karibu kila kitu, ilhali Kiurdu kinataka kujua kwanza: hicho ulicho nacho ni cha namna gani?

Kitu kinachoweza kutoka mkononi mwako kwenda kwa mwingine kinasemwa kwa *paas*, karibu: *mere paas chabi hai*, karibu yangu kuna ufunguo. Pesa, gari, simu, vyote ni hivyo. Hata muda: *mere paas waqt nahin hai*, na hilo *waqt* huhitaji kutafsiriwa. Ndugu hawaingii humo. *Mere do bhai hain*, kaka zangu wawili wapo. Ukiwataja kwa *paas*, msikilizaji anaweza kudhani umekuja nao. Homa ina njia yake: *mujhe bukhar hai*, kwangu kuna homa. Chumba chenye madirisha mawili ni *kamre mein do khirkiyan hain*, na hapo Kiswahili kinalingana nao kabisa: chumbani mna madirisha mawili. Na mtu anayelazimika kuondoka atasema *mujhe jana hai*, inanibidi niende. (*Jana* kwao ni kwenda. Utazoea.)

Kwa hiyo usiandike "have" ubaoni kisha mbele yake ukaweka *paas* kwa sababu ndilo jibu simu ilikupa. Walimu wapya wengi hufanya hivyo. Mwanafunzi ataikubali, ataiandika vizuri kwenye daftari, halafu akifika kwenye homa na ndugu atakwama, kwa kuwa kichwani mwake homa haiko *paas* yake.

Mimi hutumia ufunguo. Naushika: "I have a key." Nampa aliye karibu, naye anasema sentensi ileile, kisha anampa jirani yake. Ufunguo ukishazunguka meza nzima, natoa picha ya ndugu zangu. Hapo nanyamaza kidogo, maana picha naweza kuikabidhi lakini kaka zangu siwezi, na wanafunzi wanaliona hilo wenyewe kabla sijasema neno. Ndipo nawaambia kwamba Kiingereza hakijali tofauti hiyo: ufunguo, kaka, homa, dirisha, vyote "have". Mara nyingi kuna mama mmoja atakayeuliza kwa nini Waingereza wanachanganya mambo. Swali lake ni la haki, mjibu kwa heshima.

Utasikia sana "I am having two brothers" au "I am having fever". Usimkatize mtu kana kwamba ametamka upuuzi. Matumizi hayo yameenea Pakistani na India, na wenyewe kwa wenyewe wanaelewana vizuri. Mwambie tu kwamba hapa Uingereza watu husema "I have", na kwamba "I'm having" hufaa kwa chai au chakula kilichopo mezani sasa hivi.

Masikio nayo yanahitaji kazi. Mapokezi ya zahanati hawaulizi "Do you have an appointment?" kama kitabu kinavyodai. Wanauliza "Have you got an appointment?", tena kwa kasi. Aliyefundishwa kwamba "got" ni kupata au kupokea atadhani anaulizwa kama kuna barua aliyopokea. Zifundishe zote mbili siku moja.

Kuna mtego mwingine ambao vitabu vingi vinaupita. "Have to" ikitamkwa haraka inakuwa *hafta*, na *hafta* kwa Kiurdu ni wiki. Mtu anaambiwa "You have to come on Monday", anasikia wiki na Jumatatu, anaondoka akiamini ni Jumatatu ya wiki ijayo. Miadi inapotea hivyo. Tamka mbele yao polepole, kisha haraka, mpaka wasikie kwamba ni neno lilelile.

Ile "have" ya "I have eaten" iache kwanza. Haihusu kuwa na kitu, na ukiichomeka mapema utavuruga yote uliyojenga. Ikifika zamu yake, anza na *khana kha liya hai*, nimekula, uwaonyeshe kwamba *hai* ya mwisho ndiyo inayoshika nafasi hiyo.

Jambo moja kabla hujaingia darasani: uliza kila mmoja nyumbani wanasema nini. Kiurdu ni lugha ya taifa ya Pakistani, lakini ni lugha ya mama ya watu chini ya mmoja kati ya 10. Familia nyingi za Birmingham zimetoka Mirpur, eneo la Kashmir upande wa Pakistani, ambako Bwawa la Mangla, lililokamilika mwaka 1967, lilihamisha watu zaidi ya 100,000, na baadhi yao wakaja Uingereza. Hao nyumbani husema Kipahari, lugha iliyo karibu na Kipunjabi. Wa jimbo la Punjab watakuambia *mere kol* badala ya *mere paas*. Mwalimu anayejua *kol* husikilizwa tofauti, hasa na kina mama wazee ambao Kiurdu chenyewe walijifunzia shuleni, au hawakupata shule kabisa.